Misumari Mitatu ya Uwesu

Mti wa porini umekula mvua, mti wa mjini umekula chuma. Hivyo ndivyo Uwesu alivyokuwa akiwaambia watu waliomshangaa anapolizunguka gogo mara nne tano, akilipapasa kama mnunuzi wa ng'ombe, kabla ya kuwasha chenso yake, ule msumeno wa injini aliokuja nao Dar kutoka Nachingwea. Kwao alikuwa ameanzia kwenye msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini shimoni anakula vumbi. Mambo ya vibali vya misitu yalipombana, akafunga mashine yake kwenye kiroba akapanda basi.

Mjini hakukuta msitu, alikuta Kariakoo inabomolewa. Nyumba za zamani zilikuwa zikienda chini moja baada ya nyingine, zile za udongo na mabati mekundu kwa kutu, na mahali pake panaota ghorofa. Na kila nyumba ilikuwa na ua, na kila ua ulikuwa na mti: mwarobaini, mkungu, mfenesi, pengine mwembe uliochoka kuzaa. Mti haukuwa na pa kuangukia. Uwesu aliupanda kwa kamba, akaukata vipande kutoka juu kwenda chini, na shina alipolilaza akalipasua mbao palepale uani. Jioni mbao ziko kwenye guta la magurudumu matatu, zinaelekea kwa maseremala wa Keko. Kitanda cha mwarobaini hakiliwi na mdudu, na maseremala wanalijua hilo.

Hatari ilikuwa kwenye chuma. Mti uliokaa uani miaka hamsini umepigiliwa misumari ya kamba za kuanikia, vibao vya waganga, waya za antena. Mti hauusukumi nje msumari. Unauzungukia, unaumeza, na gome linafunga kama kidonda kilichopona. Cheni ikizunguka kwa kasi ile ikakutana nao, ama inakatika ama jino linaruka, na jino la cheni haliulizi nani amesimama mbele.

Kazi ilipomzidi akaenda kumchukua Beno. Beno alikuwa mtu wa kwao, mtani wake, kijana mrefu mpole aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Mchikichini. Uwesu akamfundisha yote: kunoa cheni kwa tupa, kuchanganya petroli na oili, kuchapa mstari kwa kamba iliyopakwa unga mweusi wa betri, kusimama pembeni ya msumeno na si nyuma yake. Wakafanya kazi pamoja miaka saba. Walipanga Magomeni mitaa miwili tofauti, na Evarista, mke wa Beno, alimwita Uwesu shemeji na kumtengea chakula bila kuuliza kama amekula.

Shida ni kwamba mwanafunzi alikuja kumpita mwalimu. Ubao wa Beno ulitoka umenyooka kama uliopigwa randa. Wa Uwesu ulikuwa na mawimbi, na kila mwaka mawimbi yaliongezeka, maana mgongo ulishaanza kumsumbua. Maseremala wakaanza kuuliza huu kapasua nani. Halafu siku moja, kwenye ua wa mtaa wa nyuma ya soko, mwenye kiwanja alitoka akamwona Uwesu ameshika chenso, akamwambia mbele ya vibarua kwamba ampe yule mrefu, yeye akashike kamba. Alisema kwa upole tu, kama anayemwomba mtu asogeze kiti. Uwesu akacheka, akampa Beno mashine, akashika kamba. Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka ule Beno akanunua chenso yake. Hakuondoka kihuni. Alikuja na Evarista siku ya Jumapili, wamebeba sukari na doti ya khanga kwa ajili ya Shadya, mke wa Uwesu, akaketi mkekani akaomba ruhusa kama mtoto anayeaga kwao. Uwesu akamwombea dua. Shadya, aliyekuwa akimjua mumewe, aliona jinsi anavyokatakata ile dua ili iishe upesi.

Wateja wakamfuata Beno. Ndani ya miezi sita Uwesu alikuwa akipata miti ambayo Beno ameikataa. Na kwa kuwa Beno hakuwa na roho mbaya, na hakudhani mwingine anayo, alizoea kumweleza Uwesu, aliyemwita kaka, kila kazi aliyoahidiwa: mwarobaini wa Bi Waridi Kariakoo, mkungu wa karibu na Mchikichini, mfenesi wa Magomeni Mikumi.

Uwesu akanunua misumari mitatu ya inchi sita.

Alianza na Bi Waridi. Bibi huyo alikuwa mjane, ameishi kwenye nyumba ile tangu kuolewa, na wanawe walikuwa wameshakubaliana na mjenzi. Uwesu alifika mchana, adhana ya adhuhuri imekwisha, akamwamkia shikamoo, akasema ametumwa na Beno kuutazama mti. Bibi akaitikia marahaba mwanangu, akarudi jikoni kwenye nazi yake. Alipoisikia nyundo, akauliza kwa sauti kuna nini. Uwesu akamjibu kwamba anagonga asikie kama shina lina uwazi ndani. Akaupigilia msumari usawa wa kiuno, pale ambapo ubao wa kwanza ungepita, akaumalizia kwa chuma chembamba mpaka kichwa kikazama chini ya gome. Akapaka udongo. Kisha akanywa maji aliyopewa na bibi, akashukuru, akaondoka. Wiki hiyohiyo akaumaliza mkungu na mfenesi.

Hakutaka mtu aumie. Hayo aliyarudia moyoni mara nyingi baadaye. Alitaka tu cheni ya Beno ikatike mbele ya wateja, mara moja, mara mbili, mara tatu, watu waseme kijana amekosa umakini na mkono wa mzee ndio mkono. Lakini alikuwa fundi aliyeshika msumeno miaka ishirini na mbili, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote Kariakoo nzima kitu gani kinatokea cheni inapokutana na chuma.

Beno aliulaza mwarobaini wa Bi Waridi siku ya Jumanne. Alilipapasa gogo kama alivyofundishwa, akang'oa misumari miwili ya zamani aliyoiona, akachapa mstari wake. Miwani ya kazi ilikuwa imejaa jasho, akaipandisha kwenye paji la uso. Hatua mbili ndani ya ubao wa kwanza chenso ikalia mlio mwembamba, na jino la cheni likaruka likampata shavuni, likapanda, likalichukua jicho la kushoto.

Uwesu alipigiwa simu na kibarua. Alipofika Beno ameshapelekwa hospitali, na uani kuna unga wa mbao umelowa damu, na Bi Waridi amekaa kizingitini khanga mdomoni. Mjenzi alikuwa palepale. Greda linakuja kesho asubuhi, akasema, na gogo limeziba njia. Kuna mtu wa kulimaliza?

Uwesu akalimaliza. Akautoa kwanza msumari wake kwa patasi akautia mfukoni, akabadilisha cheni, akasimama kwenye unga uleule akapasua mbao kumi na mbili kabla ya magharibi. Bi Waridi alimwangalia muda wote, na Uwesu hakujua, wala hajajua hadi leo, kama bibi aliikumbuka ile nyundo. Nyumba ilibomolewa, akahamia kwa bintiye Kigoma, akafia huko.

Jicho la kulia la Beno halikuguswa, lakini daktari alisema macho ni pacha, moja likiharibiwa namna ile jingine linaweza kumfuata mwenzake. Likamfuata. Miezi minne baadaye Beno alikuwa akiona mwanga wa mlango tu, kisha hata huo ukaondoka.

Hapo ndipo watu wa Magomeni walipompenda Uwesu. Alimpeleka Beno kliniki kwa mkono wake. Alimsaidia Evarista kupata kibanda cha kukaangia mihogo. Alichukua chenso ya Beno akaitumia, kwa maana yake ilikuwa imechakaa, na kila wiki alileta kitu nyumbani kwao, nyama, mchele, sare ya shule. Kazi zote tatu alizokuwa ameahidiwa Beno zilimwangukia yeye, na nyingine baada ya hizo. Mkungu wa Mchikichini aliukata mwenyewe, akaanza kwa kuung'oa msumari wake kwa nondo kabla ya kuwasha mashine. Mfenesi wa Mikumi ukasimama, maana warithi wa nyumba ile walikuwa mahakamani.

Evarista alimwambia kila mtu kanisani kwamba shemeji yake Mwislamu ndiye malaika wao.

Beno naye hakukubali kukaa kitako. Alimwomba fundi redio wa Gerezani sumaku ya spika kubwa, akaifunga kwenye kamba, akamwambia Uwesu amchukue kazini. Uwesu akasita, akakosa la kukataa. Na ikawa kipofu yule ndiye aliyekuwa na macho ya kazi. Aliitembeza sumaku juu ya gogo polepole, huku vidole vya mkono wa pili vikisoma gome, na popote palipokuwa na chuma mkono ulivutwa kidogo sana, yeye akausikia. Alijua msumari wa miaka thelathini na wa miaka mitano kwa uvimbe wa gome tu. Akimaliza alisema, "Mti safi," na msumeno ndipo uwashwe. Miaka miwili hakukosea hata mara moja. Wapasuaji wengine wa mjini wakaanza kumwazima.

Kisha kesi ya warithi wa Mikumi ikaisha.

Uwesu alikwenda peke yake kwanza kuutafuta msumari wake. Shina lilikuwa limepakwa chokaa mara mbili tatu, gome limefunga, na mwenye nyumba mpya alisimama naye muda wote akipiga soga. Akarudi mikono mitupu. Akajiambia kwamba Beno ataukuta kama anavyoikuta mingine, atasema hapa kuna msumari, watautoa, na habari itakuwa imekwisha.

Siku ya kazi walikuwa watatu: Uwesu, Beno, na Adamu, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu mwenye watoto watatu, aliyekuwa ameajiriwa mwaka mmoja uliopita na sasa anapasua karibu nusu ya mbao. Mfenesi ukalazwa. Ndani shina lilikuwa la njano kama kiini cha yai. Adamu akachapa mstari, Beno akaanza na sumaku yake.

Usawa wa kiuno, ubavuni, mkono wake ukasimama.

Uwesu aliuona ukisimama. Akamwona Beno akiweka sumaku chini na kupapasa pale kwa vidole vyote kumi, taratibu, muda mrefu. Msumari wa kuanikia huachwa kichwa nje, la sivyo utatundika wapi kamba? Huu ulikuwa umezamishwa. Ulikuwa umepigwa kwa mshazari, kuelekea mahali ambapo ubao wa kwanza hupita, na kovu la gome juu yake lilikuwa la miaka miwili na kidogo. Vidole vya Beno viliyasoma yote hayo. Na mti huu, kabla haujafika mahakamani, uliahidiwa mtu mmoja, na mtu huyo alimwambia habari zake mtu mmoja.

Beno akainuka. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mti safi," akasema.

Jua lilikuwa kali. Uwesu alisikia jasho likimshuka mgongoni. Alitazama uso wa Beno, lile kovu kutoka shavuni hadi mahali palipokuwa jicho, na hakuona kitu cha kumsaidia.

"Umepima vizuri huku ubavuni?"

"Nimepima, kaka. Au wewe unajua kitu?"

Mwenye nyumba alikuwa kivulini akitazama. Uwesu akasema hapana. Akachukua chenso, akaivuta kamba mara mbili, ikawaka. Akaiweka juu ya gogo, lakini aliiweka shubiri mbili juu ya mstari, kuupisha msumari. Beno alikuwa amekaa kwenye kigogo hatua kumi kutoka pale, sikio limegeuka.

"Kaka, mbona unaanzia juu?" akauliza. "Mstari aliochapa Adamu uko chini."

Uwesu akazima mashine. Alikuwa na njia moja tu, na ilikuwa fupi, maneno matatu: kuna msumari hapo. Mdomo wake ulifunguka kabisa kuyasema. Lakini angeulizwa amejuaje, na mwenye nyumba yupo, na Adamu yupo, na kesho Magomeni nzima ingekuwa nayo. Akaushika mgongo wake.

"Adamu, njoo ukamate wewe. Mgongo umenishika leo."

Adamu akaja bila kuuliza, kama anavyokuja mtu mwenye bosi mwenye mgongo mbovu. Akapokea mashine, akaiwasha, akasimama mahali pale ambapo Uwesu alikuwa amesimama. Uwesu akarudi nyuma hatua nne, kisha tano, mpaka akawa nyuma ya rundo la matawi. Wala hakugeuza uso, alikuwa akitazama.

Beno alikuwa amesikia kila kitu. Alisikia mashine ikibadilisha mikono, na alisikia hatua za Uwesu zikienda mbali. Akaruka kutoka kwenye kigogo, akaja mbio mikono mbele kama mtu anayeogelea, akajikwaa kwenye mizizi akaanguka, na palepale chini akapiga kelele:

"Adamu, zima! Zima, kuna chuma!"

Adamu akazima. Meno ya cheni yalikuwa yameshagusa gome.

Akamwinua Beno. Beno akaomba patasi na nyundo. Ilimchukua robo saa kuutoa ule msumari, na mwenye nyumba alisogea kuangalia, akasema ana bahati kuwa na mtaalamu. Ulitoka mzima, bado unang'aa upande wa ndani. Beno akamwomba Adamu akamletee maji ya kunywa dukani, akasubiri hadi hatua zake zimalizike, kisha akauliza Uwesu yuko wapi. Uwesu akasogea. Beno akautafuta mkono wake, akaukunjua, akautia msumari ndani.

"Mimi ulinichukia. Hilo nimelielewa leo," akasema kwa sauti ya chini. "Adamu alikukosea nini?"

Beno akangoja, akingoja kwa kweli, uso umeinuliwa kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa. Alipochoka akachukua fimbo yake, akapapasa njia mpaka getini, akampigia simu Evarista aje kumchukua.

Uwesu alijiandaa kwa fedheha. Siku tatu hakutoka ndani. Alimwambia Shadya kwamba ni mgongo, na Shadya hakumuuliza. Alingoja wazee, alingoja mjumbe, alingoja polisi, alingoja Evarista aje na mwiko wa mihogo ampige nao mlangoni. Siku ya nne Evarista akaja kweli. Alikuwa na bakuli la supu ya kongoro, maana amesikia shemeji anaumwa mgongo. Akaeleza kwamba Beno ameamua kufanya kazi na wapasuaji wengine kwa sababu wanamtafuta sana, na amemwambia yeye Evarista asimsumbue Uwesu tena kwa nyama na mchele, wameshatosheka. Evarista alidhani hayo ni mapenzi. Akainuka, akamshika Uwesu bega, akamwambia Mungu hatamsahau.

Supu ile ilimwagwa na Shadya. Uwesu hakuweza kuinusa.

Beno hakusema. Si kwa mkewe, si kwa padri, si kwa Adamu. Uwesu akawa mtu wa kusikiliza kila kicheko cha kijiweni kama kimemhusu, na hakimhusu. Akaanza kuizima chenso katikati ya mstari, hata kwenye gogo lililopimwa mara tatu, na mwisho mashine zote mbili akamwachia Adamu, yeye akabaki kuuza mbao. Adamu anamheshimu. Humwambia kila mteja kwamba huyu ndiye mwalimu wangu, na Uwesu huinuka na kwenda kutazama kitu kingine.

Mara mbili alikwenda hadi mlangoni kwa Beno ili aseme. Mara ya kwanza alikuta wageni. Mara ya pili alimkuta Beno peke yake barazani, akapiga hodi, na Beno, aliyeijua sauti ile kuliko sauti ya mwanawe, akauliza kwa adabu wewe nani. Uwesu akataja jina lake. Beno akasema hamjui mtu wa jina hilo, labda amekosea nyumba. Akaendelea kukaa pale, uso umetulia, mpaka Uwesu alipoondoka.

Mwaka huu, mwezi wa nane, Victoria, binti mkubwa wa Beno, ameolewa. Evarista ndiye aliyeleta kadi, akasisitiza kwamba nyama itachinjwa na Mwislamu ili wote wale kwa amani, na kwamba Uwesu atakaa meza ya wazazi, kwa upande wa kina baba. Uwesu akauliza Beno amesemaje. Evarista akacheka. Beno alikuwa amesema apewe kiti karibu naye.

Akaenda. Ukumbi ulikuwa Magomeni, feni zinazunguka, watoto wamevaa satini. Akaketi kushoto kwa Beno, upande wa kovu, saa tatu nzima, na Beno aliongea na kila aliyekuja kumpa mkono isipokuwa yeye. Wakati wa nasaha Evarista akachukua kipaza sauti. Akawaeleza wageni jinsi mumewe alivyoumia, na jinsi mtu asiye ndugu wa damu wala wa dini alivyowashika mkono wakati ndugu wamejificha. Akalia kidogo. Kisha akamwomba shemeji asimame, watu wamwone.

Uwesu akasimama. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na mshereheshaji akaomba makofi zaidi, hayatoshi hayo kwa baba kama huyu. Uwesu akatazama chini. Pembeni yake Beno alikuwa ameinua mikono juu kidogo ya meza, naye anapiga makofi, taratibu, bila kupitiliza wengine na bila kukoma kabla yao. Kisha chakula kikaletwa.